Kiraka cha Mninga: Kutoka Chumbageni hadi Kigombe Kutafuta Mbao za Tishari

Wengi nyumbani Bonde wameniuliza kwa nini niliacha kazi Tanga katikati ya mwezi nikaenda pwani kuokota mbao zilizovunjika, na kwa nini sanamu niliyorudi nayo ilikataliwa kuingia kanisani. Kila aliyeniuliza nilimjibu nusu nusu. Sasa naandika yote tangu mwanzo, ili ambaye hakuwapo asisimuliwe na watu ambao nao hawakuwapo.

Mdogo wangu Danieli alikufa maji. Alikuwa kuli kwenye tishari, chombo kile kipana kisicho na injini, kinachovutwa na motaboti. Tishari lao lilikuwa likibeba robota za mkonge kutoka gati moja kusini mwa Tanga na kuzipeleka kwenye meli bandarini. Ilikuwa miaka ile mkonge una bei, na kila kitu chenye uwezo wa kuelea kilipakiwa mpaka juu. Siku hiyo tishari liliingia maji likiwa nje ya miamba, likapigwa kwenye mwamba na kupasuka. Watu sita walikufa, watatu wao wa parokia yetu. Maiti za wawili ziliokotwa zikaletwa nyumbani. Ya Danieli haikuonekana. Aliacha mke, Agnesi, na mabinti wawili.

Mwaka ulipokaribia kutimia, padri aliniita akaniomba nichonge msalaba wa mvule kwa ukumbusho wa vijana hao. Nikamwambia ningependa kuunda sanamu ya mtu kwa mbao za tishari lenyewe, kama bahari imezitupa ufukweni. Alifurahi. Alisema kitu kilichovunjika kikiundwa upya ni mahubiri tosha.

Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Ya pili sikumwambia mtu. Mimi nilikuwa fundi seremala katika karakana ya vyombo iliyokuwa ikiyatengeneza matishari yale. Yalikuwa matatu, yote ya rangi moja, nyekundu iliyoiva. Miezi michache kabla ya ajali nililetewa moja lenye ubao uliooza chini, karibu na mkuku, uti wa chombo. Nilimwambia msimamizi wetu kwamba ubao ule ung'olewe wote, na pengine na wa jirani yake. Alitazama saa yake.

"Ziba, paka rangi," alisema. "Meli inangoja."

Nikaziba. Nilichokoa uozo mpaka patasi iliposhindwa kufika, nikashindilia gunia lililochovywa lami, nikakata kiraka cha mninga, nikakipigilia misumari ya shaba na kupaka rangi juu. Kazi ilipendeza. Hata mimi nilisimama kuitazama.

Baada ya msiba niliuliza ni tishari lipi lililozama. Hakuna aliyenijibu. Mawili yaliyobaki yaliendelea kufanya kazi, na kiraka changu kilikuwa mahali ambapo chombo kikielea hakionekani. Kwa hiyo nilikwenda pwani nikitafuta kitu ambacho nilimwomba Mungu nisikipate.

Jumatatu alfajiri niliondoka Chumbageni kwa baiskeli ya kuazima. Nyuma nilifunga gunia lenye tezo, patasi, nyundo na msumeno mdogo. Nilipitia karakana kuaga.

"Ukienda, usirudi," msimamizi alisema, wala hakuinua kichwa.

Barabara ya Pangani ilikuwa ya mchanga mwekundu, na mvua ya usiku ilikuwa imeichimba. Nilisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda.

Saa nne nilifika Tongoni. Niliyapita makaburi ya kale, yale yenye nguzo ndefu za mawe, ambayo bakuli za kigeni zilizopachikwa humo zilibanduliwa na watu zamani, zikaachwa tundu tupu. Sikusimama. Nilikwenda moja kwa moja dukani kununua maji ya kunywa, au tuseme kuuliza, kwa sababu mwenye duka hakukubali kuuza maji. Aliniletea kikombe bure. Jina lake Bwana Akbarali, Mhindi aliyezaliwa hapohapo, anayesema Kimtang'ata, lahaja ya pwani ile, vizuri kuliko mimi ninavyosema Kibondei.

"Fundi wewe," alisema akiyatazama mapini ya zana. "Unatafuta kazi?"

"Natafuta mbao za tishari lililovunjika."

Alicheka kidogo. "Basi ingia nyumba yoyote. Bahari ilileta, watu wakachukua. Zipo kwenye zizi la mbuzi, zipo kisimani, zipo barazani watu wamezikalia. Mimi mwenyewe, tazama."

Nyuma yake, chini ya picha ya Malkia mpya, madebe ya mafuta ya taa yalikuwa yamepangwa juu ya rafu ndefu ya mbao nyekundu. Nilimwomba ruhusa nikapita ndani. Nilipitisha kiganja ubao wote, juu na chini. Haukuwa na kiraka. Moyo ulitulia, na hapohapo nikaona haya, maana nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimekuja kumtafutia Danieli ukumbusho.

"Mbona waupapasa kama daktari?" Bwana Akbarali aliuliza.

"Mdogo wangu alikuwamo."

Alivuta kigoda, akapanda, akaanza kuteremsha madebe, moja moja, akiyaweka sakafuni. Nilipomzuia alisema, "Niache. Nilipokuwa naupigilia sikufikiri kama kuna watu walikuwa juu yake." Alinipa ubao ule, na uani akanionyesha taruma moja, ubavu wa chombo, uliopinda vibaya hata hakuna aliyeutaka. Mlango wake wa duka ulikuwa umelegea bawaba. Niliukaza kabla ya kuondoka. Vitu vile alikubali nimwachie mpaka nitakaporudi.

Adhuhuri mpaka alasiri nilifuata ufuko badala ya barabara. Maji yalikuwa yamekupwa. Niliokota kamba ya mkonge iliyovurugika kama nywele, boya la mti, na kandambili moja ya ngozi ambayo haikuwa ya Danieli, nikaitupa, kisha nikairudia na kuitia guniani. Kila kibao chekundu nilichokiona mbali nilikiendea polepole. Nilivigeuza vyote. Jua lilipoanza kulainika sikuwa nimekipata kiraka, nami nilianza kupiga mluzi. Nakumbuka mluzi ule kwa aibu.

Kigombe niliingia nikiongozwa na moshi mweupe wa tanuri la chokaa. Matumbawe yalikuwa yamerundikwa juu ya magogo, yakichomwa, na mzee mwembamba aliyejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope alikuwa akiyazunguka na mti mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Wapita au wafika?"

"Nimefika. Natafuta mbao za tishari."

"Hizo?" Alielekeza mti wake motoni. "Umechelewa. Zile kubwa nimezichoma zote. Zilikuwa zikiwaka vizuri, zina lami."

Sitaficha: nilishukuru. Nilimshukuru Mungu pale penye joto la tanuri kwamba mbao zimekuwa majivu na sitajua kamwe.

Mzee huyo aliitwa Juma. Alinichukua mpaka kwake, kwa mkewe, Bi Mwanakombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye aliniwekea maji ya kunawa kabla hajaniuliza jina. Walinipakulia wali na kisamvu. Nilipowaeleza habari za sanamu, Bi Mwanakombo aliacha kupakua.

"Sanamu ya mtu?"

"Ndiyo, mama. Ya ukumbusho. Kwetu huwekwa kanisani."

"Mbao chukua, mwanangu. Kuchonga, kachonge kwenu. Hapa usichonge."

Nikamwahidi. Mzee Juma alikuwa akitazama mkono wangu wa kushoto.

"Huyo nduguyo," alisema, "alikuwa na alama yoyote?"

"Kidole cha shahada cha mkono huu kilikatwa na mashine ya mkonge. Kilibaki kipande."

Waliangaliana. Bi Mwanakombo alivuta kanga yake kichwani.

"Basi tunaye," alisema Mzee Juma.

Tulikwenda wote watatu, jua lingali juu ya minazi. Kaburi lilikuwa pembeni mwa makaburi yao, limezungushiwa vipande vya matumbawe vilivyopangwa vizuri. Mzee alinisimulia huku tukitembea. Alimkuta asubuhi moja juu ya mchanga, hana nguo, hana jina, na hali ya mwili haikuruhusu kungoja polisi kutoka Tanga. Hawakujua dini yake. Wakamwosha, wakamvika sanda ya shuka nyeupe ya Bi Mwanakombo, wakamsalia, wakamzika. Kichwani wakasimamisha ubao uliokuja naye siku ileile, kuwa shahidi, yaani alama ya kwamba hapa kuna mtu.

Ubao ule ulikuwa mwekundu. Katikati yake kulikuwa na kiraka cha mninga, pembe zake nne, misumari miwili ya shaba kila pembe, imepigwa kimshazari kama ninavyopiga mimi na kama alivyonifunza marehemu baba. Upande mmoja kiraka kilikuwa kimebanduka, na gunia langu lilikuwa limechomoza, jeusi.

Nilikaa chini. Mzee Juma alidhani ni majonzi ya ndugu, akaniwekea mkono begani. Hilo sikuliweza.

"Mzee, toa mkono," nilisema. "Kiraka hiki ni changu. Mimi ndiye niliyeuziba ubao huu. Nilijua umeoza. Niliambiwa nipake rangi nikapaka."

Aliutoa mkono. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Kisha Bi Mwanakombo, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia, aliniuliza:

"Kwenu wanajua?"

"Hapana."

"Mama yake?"

"Mama alikwisha fariki. Yupo mkewe. Hajui."

"Basi sisi umetwambia kwa sababu hatukujui," alisema. "Kesho utapanda baiskeli yako uende, na sisi tutabaki na maneno yako."

Nililala barazani kwao. Asubuhi Mzee Juma alinikuta nimekaa karibu na kaburi, akanipa shauri ambalo lilikuwa pia sharti: niking'oa ubao ule, niweke kitu kingine mahali pake. Siku nzima ile nilifanya kazi. Nilikata gogo la mkoko, nikalichonga shahidi mbili, ya kichwani na ya miguuni, kwa mtindo wa makaburi yao, bila sura ya kiumbe chochote. Mzee aliniuliza jina la kuandika.

"Danieli."

"Danyali," alisema. "Jina la nabii. Andika."

Nikaandika. Nilipoung'oa ubao wangu ardhini haukuleta ubishi. Sehemu iliyofukiwa ilibaki mkononi kama mkate uliolowa.

Jumatano nilirudi Tanga kwa lori la chokaa, baiskeli ikiwa juu ya mzigo. Dereva alikubali kusimama Tongoni nichukue mzigo wangu. Bwana Akbarali alitusaidia kupakia. Aliuona ubao wenye kiraka akasema, "Huu mzuri, umetengenezwa na fundi." Niliendelea kufunga kamba. Njia nzima chokaa ilinipanda, na niliposhuka Chumbageni majirani walinicheka kwamba nimezeeka kwa siku tatu.

Karakana haikunipokea, kama nilivyoambiwa. Nilibaki uani kwangu wiki tatu nikiunda sanamu. Taruma lililopinda nililifanya mgongo, na kwa sababu lilikuwa limepinda vile, mtu yule alisimama kama anayeegemea upepo. Boya likawa kichwa. Sikulitia macho wala mdomo. Kamba niliizungusha mabegani. Ubao wa rafu niliupasua ukawa miguu na mikono. Ubao wa kiraka niliuweka kifuani.

Kazi ile ilinifundisha mikono yangu ilivyo. Siku ya nne nilijikuta nimekwisha changanya unga wa mbao na gundi, nakandika matundu ya misumari, nalainisha nyufa, na nilikuwa nimefika kifuani kabla sijatambua ninachokifanya. Hakuna aliyeniamuru. Mikono ilikuwa inaziba yenyewe. Nililia kwa hasira, nikachukua patasi nikachokoa tena yote, na kiraka nikakifungua zaidi, mpaka gunia na uozo vikaonekana vyote. Nyufa zilizobaki nilizifunga kwa kamba tu, ili anayetazama aone palipopasuka na aone palipofungwa.

Ilipokwisha ilikuwa sanamu mbaya kwa sura. Lakini ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo sikuona haja ya kuipaka rangi.

Jumamosi niliisafirisha kwa garimoshi mpaka Muheza, imefungwa magunia, na kutoka hapo kwa mkokoteni hadi nyumbani. Jumapili, watu walipotoka ibadani, niliisimamisha uwanjani mbele ya kanisa. Padri aliizunguka taratibu. Alisema itakaa karibu na kisima cha ubatizo. Nikamwomba angoje kwanza, nina neno.

Nililisema lote kwa sauti, nikiwa nimeshika kiraka. Nilisema jinsi nilivyoona uozo, jinsi msimamizi alivyotazama saa yake, jinsi nilivyopiga misumari minane. Nilisema pia Danieli amelala wapi na nani walimzika. Niliogopa watanipiga. Hawakunipiga. Mzee Simioni, aliyemzika kijana wake wa pekee baada ya ajali ile, alikuja karibu akahesabu misumari kwa kidole.

"Minane kweli," alisema. "Na mdomo mmoja hukuwa nao."

"Nilimwambia msimamizi, baba."

"Msimamizi hakupanda tishari."

Akaondoka, na wengi wakamfuata. Padri alinivuta kando. Alisema sanamu haiwezi kuingia tena, si kwa ubaya wake, ila watu wakiinua macho watakuwa wananitazama mimi badala ya kusali. Nilimwelewa. Ipo mpaka leo nyuma ya stoo ya kanisa, chini ya mteremko wa paa, na mchwa wamekwisha ianza miguu.

Agnesi alikuwa amebaki. Alikuwa amesimama na mabinti zake wawili, amewashika mikono. Aliwaambia waende nyumbani, akangoja mpaka wamepita mgomba wa mwisho.

"Danieli alikuwa anakula kwako kila Jumapili," alisema. "Alikula kwako Jumapili ya kabla ya kufa."

"Ndiyo, shemeji."

"Ulimwambia kwamba kuna tishari bovu?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilidhani kiraka kitashika," nikasema. "Na niliona haya kumwambia mdogo wangu kwamba nimefanya kazi mbaya."

Aliitazama sanamu kwa mara ya kwanza, kuanzia miguuni. "Haijafanana naye," alisema. "Danieli alikuwa anasimama wima." Kisha akanigeukia. "Mwaka huu wote nimekuwa nikijifunza kuisamehe bahari, na nilikuwa nimekaribia. Sasa umeniletea mtu. Tena mtu ambaye watoto wangu wanamwita baba mkubwa. Nifanye nini na wewe?"

Akageuka akawafuata mabinti zake.

Desturi ya wanaosimulia safari ni kueleza walichopata. Mimi nilipata kaburi la ndugu yangu, na watu wa Kigombe waliomtunza kuliko nilivyomtunza mimi. Nilikuwa nikiamini kwamba neno zito likishatoka kifuani litamwacha kila mtu mwepesi. Langu lilitoka kwangu likaenda kumkalia Agnesi, ambaye hakuwa ameliomba, na hakuna njia ya kulichukua tena. Sijutii kulisema. Lakini sitamwambia mtu yeyote kwamba kulisema ni dawa.

Siku hizi nakaa nyumbani. Nimeezeka upya jiko la Agnesi, nimemtengenezea kitanda na mlango, na mabinti huja kunitazama nikipiga randa mpaka awaite. Nikimaliza kazi huniletea maji. Hanipi mkononi. Hukiweka kikombe chini, kizingitini, huingia ndani, nami huinama nikakiokota.